Mtoto wa Ekero mezani pa Waitaliano: Ukimya wa heshima unapomponza mwanafunzi

MZAZI wa Ekero anayejiandaa kumpeleka mwanawe kusomea Italia huwa na mengi ya kumkosesha usingizi: nauli, viza, baridi, chakula na marafiki wabaya. Jambo ambalo ni nadra kulitia katika hesabu zake ni ukimya. Ilhali ukimya huo, ambao nyumbani ni ishara ya malezi mema, ndio unaoweza kumharibia mtoto mambo katika nyumba ya wenyeji wake, darasani na hata katika chumba cha mtihani.

Ekero ni kituo cha biashara karibu na mji wa Mumias, Kaunti ya Kakamega, katikati ya nchi ya miwa. Kwa miongo kadhaa miwa hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wa eneo hilo. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliundwa mwaka 1971 na kiwanda chake kikaanza kusaga mwaka 1973. Mkulima alipopeleka miwa kiwandani, karo ya shule ilikuwa imepata jibu. Kampuni hiyo iliwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019 baada ya kulemewa na madeni, na ijapokuwa usagaji ulirejea baadaye chini ya mwekezaji, shughuli zake zimekuwa za kusuasua. Mzazi aliyetegemea hundi ya miwa sasa hutafuta basari, mkopo au ufadhili, na wengine wameanza kuangalia ng'ambo.

Italia huvutia kwa sababu moja kubwa. Karo katika vyuo vikuu vyake vya umma hupangwa kulingana na mapato ya familia. Tangu mwaka wa masomo wa 2021/22, mwanafunzi ambaye hesabu ya uwezo wa familia yake haizidi yuro 22,000 kwa mwaka husamehewa karo, mradi awe ametimiza masharti. Juu ya hayo, kila jimbo la nchi hiyo lina mfuko wake wa kuwafadhili wanafunzi wahitaji, wawe raia au wageni, kwa fedha za matumizi, chakula cha bei nafuu katika maakuli ya chuo, na pengine kitanda katika bweni. Aidha, sharti la kuwa mwombaji awe amesoma miaka 12 kabla ya chuo kikuu halimsumbui Mkenya, kwa kuwa miaka minane ya msingi na minne ya sekondari chini ya mfumo wa 8-4-4 hutimiza idadi hiyo. Anachopaswa kuwa nacho ni alama zinazomruhusu kuingia chuo kikuu hapa nchini.

Kuna njia mbili za kuishi katika nyumba ya Waitaliano, nazo hazifanani. Ya kwanza ni ya wanafunzi wa sekondari, wenye umri wa kati ya miaka 15 na 18, wanaokwenda kwa muda wa miezi michache au mwaka mmoja kupitia mashirika ya kubadilishana wanafunzi. Kubwa miongoni mwake ni AFS, ambalo nchini Italia huendeshwa kwa jina la Intercultura na limekuwapo huko tangu mwaka 1955. Familia zinazowapokea wanafunzi hawa hazilipwi. Hutoa kitanda, chakula na nafasi mezani kwa hiari yao. Njia ya pili ni ya wanaokwenda kujifunza lugha kabla ya kuanza shahada, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Wageni cha Perugia, ambacho historia yake ilianza katika miaka ya 1920. Baadhi ya hawa hukaa na familia kwa malipo ya kila wiki au kila mwezi. Wanafunzi wengine wa shahada hupanga chumba pamoja na wenzao.

Tofauti ya malipo ni muhimu kueleweka mapema. Anayelipa ni mpangaji anayelishwa, na akipenda kujifungia chumbani hakuna wa kumlaumu sana. Anayepokewa bila malipo amechukuliwa kuwa mtoto wa nyumba. Familia iliyomfungulia mlango ilifanya hivyo kwa kutaka kumjua, na kumjua mtu kwao ni kumsikia akizungumza.

Hapo ndipo mgongano unapoanza. Katika boma nyingi za Wawanga na Waluhya wengine, mtoto hazungumzi mezani mbele ya wakubwa ila ameulizwa. Hamkazii macho mtu mzima. Hamwiti kwa jina lake, bali humwita mama au baba wa fulani. Akiletewa chakula hukipokea kwa mikono miwili na kukila bila maoni. Ingokho ikichinjwa kwa ajili ya mgeni, imondo huenda kwa mwenye heshima yake, na hakuna mjadala.

Mtoto aliyelelewa hivyo akifika katika nyumba ya Bologna au Verona, mama wa nyumba humwambia siku ya kwanza amwite kwa jina lake, basi. Huulizwa kama chakula ni kitamu, na akijibu "ndiyo" moja tu, huulizwa tena. Huulizwa maoni yake kuhusu shule, kuhusu serikali ya Kenya, kuhusu filamu iliyoonyeshwa jana. Akiinamisha macho, huulizwa kama ni mgonjwa. Baada ya wiki mbili za majibu ya neno moja moja wenyeji huanza kunong'onezana kwamba mtoto huyu hana furaha, au amechoshwa nao, au hawapendi. Yeye naye chumbani anajipongeza kwa kutowakosea adabu hata mara moja.

Si kwamba Waitaliano hawana heshima. Lugha yao ina namna mbili za kumwita mtu unayezungumza naye: "Lei" kwa mkubwa au mgeni na "tu" kwa jamaa, rafiki na rika. Mwanafunzi anayeambiwa atumie "tu" nyumbani asidhani kwamba ameruhusiwa kuitumia kwa mwalimu wake, kwani huko anaweza kuonekana mjeuri. Heshima ipo, ila imewekwa katika maneno yenyewe. Haikuwekwa katika kunyamaza.

Meza yenyewe inahitaji maelezo. Chakula cha mchana huliwa yapata saa saba, cha usiku kuanzia saa mbili, na katika majimbo ya kusini huweza kuchelewa zaidi. Watu hungojana. Kula pekee yako jikoni kabla ya wengine, jambo ambalo kwa mwanafunzi mwenye njaa huonekana dogo, huwauma wenyeji. Katika mlo kamili pasta hutangulia peke yake, na mgeni hudhani kwamba huo ndio mlo. Akiongezwa sahani ya pili kwa adabu huipokea, kisha nyama huletwa, kisha mboga, kisha matunda, naye hana tena pa kuweka. Kukataa nyongeza si kosa, maadamu mtu anashukuru na kusema sababu. Kahawa yenye maziwa ni ya asubuhi, na anayeiomba baada ya chakula cha usiku atapewa huku akitazamwa kwa mshangao, kama vile mgeni wa Ekero anayekataa chai ya maziwa saa kumi.

Katika majimbo ya kaskazini kama Veneto na Lombardia mwanafunzi hukutana na jambo linalomfanya acheke: polenta. Ni unga wa mahindi uliokorogwa katika maji ya moto, wa rangi ya manjano na laini kuliko obusuma, lakini ni ndugu yake wa karibu. Mahindi yalifika Ulaya kutoka bara la Amerika, kama yalivyofika Afrika, na yakawa tegemeo la maskini. Katika karne ya 18 na 19 wakulima wa huko waliokula polenta karibu peke yake waliugua pelagra, maradhi yatokanayo na ukosefu wa aina moja ya vitamini. Leo polenta ni chakula cha msimu wa baridi, huliwa kwa nyama, uyoga au jibini, na mwanafunzi anayejitolea kuonyesha jinsi unga huo unavyosongwa kwao hupata mazungumzo ya jioni nzima bila kutafuta.

Ekero na vitongoji vya Mumias vina Waislamu wengi, na kwao meza hiyo ina mitego. Nguruwe hamo katika vipande vinavyoonekana tu. Mchuzi wa nyama ya kusaga mara nyingi huchanganywa na nyama yake, pasta ya carbonara hutiwa shavu lake, na mikate kadhaa ya eneo la Romagna hukandwa kwa mafuta yake. Divai hutiwa hata katika mchuzi. Kula kwa kufumba macho na kujilaumu usiku hakumsaidii mtu, wala hakumsaidii mwenyeji ambaye angalibadilisha mapishi kwa furaha lau angaliambiwa mapema. Ramadhani pia yataka maelezo. Ekero jua hutua kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima. Kaskazini mwa Italia mwezi wa Desemba hutua kabla ya saa kumi na moja, na mwezi wa Juni yapata saa tatu usiku. Familia ambayo haikuelezwa haiwezi kujua kwa nini mtoto wao anaitazama saa.

Historia ya eneo hilo inafanya suala hili liwe na ladha ya pekee. Makao ya Nabongo Mumia yalikuwa nyumba ya wageni ya magharibi mwa Kenya kabla nchi hii haijaitwa Kenya. Misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilipumzika hapo ikielekea Uganda, nao ndio waliouleta Uislamu na lugha ya Kiswahili. Joseph Thomson alifika mwaka 1883, na Askofu James Hannington alipita mwaka 1885 katika safari ambayo hakurudi. Wawanga walijua kumpokea mtu asiyejua lugha yao na kumsoma tabia taratibu. Sasa wajukuu wao ndio wageni, na wanasomwa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba ya Italia jembe hilo halikabidhiwi kwa maneno. Ni kutandika kitanda, kuandaa meza, kuondoa vyombo, kutenganisha taka za karatasi, plastiki na mabaki ya chakula kwa siku zilizopangwa na manispaa. Mvulana ambaye kwao kazi za jiko ziliachiwa dada zake anaweza kukaa akihudumiwa kwa mwezi mzima akidhani ndiyo desturi, mpaka dada wa nyumba hiyo amwambie waziwazi.

Vile vile kuna mambo ya nyumba ambayo mgeni huyahesabu kuwa ni uchoyo. Nyumba nyingi za Italia hupewa umeme usiozidi kilowati 3 kwa wakati mmoja. Tanuri, mashine ya kufulia na kikausha nywele vikiwashwa pamoja, nyumba nzima huingia gizani. Joto la nyumbani nalo hutawaliwa na sheria. Katika ukanda wenye miji kama Milano na Bologna mitambo ya kupasha nyumba joto huruhusiwa kwa kawaida kati ya Oktoba 15 na Aprili 15, kwa saa zisizozidi 14 kwa siku, na kiwango ni nyuzi 20 pamoja na nyongeza ndogo. Mwanafunzi anayetetemeka Oktoba 5 asidhani kwamba mama mwenyeji anabana matumizi. Blanketi la pili huombwa, nalo hutolewa. Lakini sharti liombwe.

Wenyeji nao huja na dhana zao. Waitaliano wengi huijua Kenya kupitia Malindi na Watamu, ambako wenzao wamejenga nyumba na hoteli kwa miongo mingi, na ambako karibu yake Italia ilianza kurusha setilaiti mwaka 1967 kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini. Kwa hiyo mtoto wa Ekero hupokewa kwa "jambo" na maswali kuhusu papa, simba na fukwe za mchanga mweupe, naye pengine hajawahi kuiona bahari. Kucheka na kunyamaza ni rahisi. Kueleza kwamba kwao ni miwa, mvua ya alasiri na msitu wa Kakamega ni kazi, hasa kwa lugha ya kuazima, lakini ndiyo kazi iliyompeleka.

Gharama ya kukwepa kazi hiyo huonekana shuleni. Katika sekondari za Italia mwalimu humwita mwanafunzi mbele ya wenzake na kumhoji kwa mdomo juu ya somo lililopita, na alama hutolewa papo hapo kati ya 10, huku 6 ikiwa ya kupita. Katika vyuo vikuu mitihani mingi ni ya mdomo pia. Mwanafunzi huketi mbele ya profesa, huulizwa, hukatizwa, huulizwa tena. Alama ni kati ya 30, na anayepata chini ya 18 ameanguka. Mkenya aliyezoea mtihani wa kuandika, ambamo mtu anaweza kuwa bingwa bila kufungua kinywa tangu Januari hadi Novemba, hujikuta anajua jibu na hawezi kulitoa. Profesa hana namna ya kujua kwamba kuinamisha macho ni adabu. Kwake ni dalili ya kutosoma.

Ndiyo maana meza ya familia mwenyeji si starehe tu. Kila jioni mwanafunzi hulazimika kueleza jambo kwa Kiitaliano, kupingwa, kulitetea, na kuchekwa bila ubaya anapokosea. Hakuna darasa la lugha linalompa mtu saa nyingi kiasi hicho. Hata anayesomea kozi inayofundishwa kwa Kiingereza, ambazo zimeongezeka katika miaka ya karibuni, atahitaji Kiitaliano benki, hospitalini na sokoni. Mitihani ya mdomo, kwa kawaida, huwa wazi kwa wanafunzi wengine kuhudhuria na kusikiliza. Anayehofu afike mapema akae nyuma awasikie wengine wakihojiwa, kabla ya zamu yake.

Kuna fedha zinazoning'inia juu ya mitihani hiyo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayepata ufadhili wa jimbo hutakiwa kufikisha krediti 20 kufikia Agosti 10 ili alipwe awamu ya mwisho. Asipozifikisha hata kufikia Novemba 30, hunyang'anywa ufadhili na kudaiwa kurejesha alichokwisha pokea. Kwa familia ya Ekero deni la namna hiyo ni shamba. Isitoshe, awamu ya kwanza mara nyingi haifiki mkononi kabla ya Desemba, ilhali masomo huanza Septemba au Oktoba, na wapo wanaoorodheshwa kuwa wanastahili lakini mfuko ukaisha kabla ya kuwafikia. Anayeondoka nyumbani bila akiba ya miezi minne au mitano anacheza kamari.

Stakabadhi nazo zina vikwazo vyake. Ili kukokotoa uwezo wa familia, ofisi za Italia hudai hati rasmi za mapato na mali za jamaa wote, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiitaliano na kuthibitishwa. Mama anayeuza mboga sokoni hana hati ya mshahara, na barua ya chifu peke yake huenda isitoshe. Nyumba iliyo nje ya Italia kwa kawaida hukadiriwa kwa yuro 500 kwa kila mita mraba, hivyo nyumba ya mita mraba 60 huandikwa kuwa na thamani ya yuro 30,000, iwe ya mawe Nairobi au ya udongo Ekero. Shughuli hii huchukua miezi, na anayeianza baada ya kupata viza amechelewa.

Akishafika, mwanafunzi ana siku nane za kazi kuomba hati ya makazi, na ombi hilo hupelekwa kupitia ofisi ya posta, si kituo cha polisi kama wengi wanavyodhani. Hati ya mwanafunzi humruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki. Bima ya afya imepanda: mwanafunzi mgeni anayetaka kujiunga na huduma ya taifa kwa hiari hulipa angalau yuro 700 kwa mwaka tangu 2024, kutoka takriban yuro 150.

Haya yote huwafanya wazazi wamtafute wakala, na hapo tahadhari inahitajika. Mwaka 2023 wazazi katika kaunti ya Uasin Gishu waliandamana mjini Eldoret wakidai fedha walizokuwa wamelipa ili watoto wao wakasomee Finland na Canada. Waliolia hawakuwa wajinga. Waliamini kwamba kwa kuwa mpango ulipitia mikono ya wakubwa, maswali hayakuwa ya lazima. Maombi ya vyuo vya Italia huanzia katika mtandao wa wizara yao uitwao Universitaly, ambao mwanafunzi aweza kuufungua mwenyewe, na Taasisi ya Utamaduni ya Italia iliyopo Nairobi hufundisha lugha.

Ikitokea kwamba familia na mwanafunzi hawaivi, kubadilisha nyumba si aibu. Mashirika ya kubadilishana wanafunzi humpa kila mmoja mtu wa kujitolea wa kumwendea akiwa na shida, nje ya nyumba anamoishi, na familia hubadilishwa panapokuwa na haja. Ila mtu huyo hawezi kusaidia asichoambiwa. Mtoto anayempigia mama yake Ekero kila usiku akilia, kisha asubuhi akawaambia wenyeji kwamba mambo ni mazuri, hukaa miezi katika nyumba ambayo angaliiacha kwa mazungumzo ya nusu saa, au ambayo mazungumzo hayo yangaliigeuza kuwa kwake.

Wapo Waitaliano wanaopita njia hiyo hiyo kwa upande wa pili. Chuo Kikuu cha Napoli kiitwacho L'Orientale, ambacho chimbuko lake ni mwaka 1732, kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi, na ndiko alikofanya kazi Elena Bertoncini Zúbková, mmoja wa watafiti wakubwa wa fasihi ya Kiswahili, aliyefariki mwaka 2018. Mwanafunzi wa Ekero anayeelekea Napoli atawakuta vijana wakihangaika na ngeli, wakitafuta mtu wa kuwasahihisha. Huko yeye ndiye mwenye lugha, nao ndio wanaoogopa kufungua kinywa.